Rivyu ya AlphaFold DB kwa anayefuatilia jinsi bakteria wa baharini wanavyoingiza salfa

Nianze na maksi kabisa ili mwenye haraka aondoke nazo: nyota nne kati ya tano. Ni huduma ya bure, haina usajili, na kwa mtu anayesoma baiolojia akiwa na laptopu na bando tu, bila maabara yenye mitambo ya mabilioni, sijaona kitu kingine kinachokaribia. Nyota moja niliyoibakiza nayo nitaieleza kwa kirefu, maana ndiyo inayowapoteza watu wengi, hasa wanafunzi wanaoandika tasnifu na kuona picha nzuri wakadhani kazi imeisha.

Kwa asiyeijua, AlphaFold DB ni database ya maumbo ya protini yaliyokisiwa na kompyuta. Unaandika jina la protini au namba yake ya UniProt (database kuu ya taarifa za protini), ukurasa unafunguka na umbo zima la 3D unalizungusha na mausi unavyotaka, ukipenda unapakua faili unaenda kulifanyia kazi kwingine. Programu iliyoyakisia ni ya DeepMind, kampuni ya akili bandia ya Google iliyoko London, halafu wakashirikiana na EMBL-EBI, taasisi ya data za baiolojia ya Hinxton, Uingereza, wakaifungua database kwa umma Julai 2021 ikiwa na maumbo zaidi ya 350,000, na mwaka uliofuata yakaruka mpaka zaidi ya milioni 200. Mwaka 2024 Demis Hassabis na John Jumper wa DeepMind wakapewa Nobel ya kemia kwa kazi hiyo, nusu nyingine ya tuzo ikaenda kwa David Baker kwa kazi ya kubuni protini mpya. Leseni yake inaruhusu kutumia hata kwenye kazi yako utakayoichapisha, cha msingi uwataje wenyewe.

Ila mi sikuja kuongelea protini zote za duniani. Nina jambo langu moja nalolifuatilia, bakteria wa baharini wanaivutaje salfa kutoka kwenye maji mpaka ndani ya seli, na rivyu hii ni ya mtu mwenye swali la namna hiyo, kwa sababu protini za kwenye utando wa seli zina matatizo yake ambayo mtu wa vimeng'enya vya kawaida hakutani nayo.

Acha nieleze kwanza kwa nini swali lenyewe ni tamu. Maji ya bahari yana salfa nyingi sana, salfeti peke yake ni kama gramu 2.7 kwa kila lita. Lakini salfa ya kwenye salfeti imebanwa na oksijeni, kiumbe akitaka kuitumia kujengea protini zake lazima kwanza aziondoe hizo oksijeni, na hiyo kazi inakula nishati na inahitaji vimeng'enya vyake maalumu. Sasa kuna bakteria wa kundi la SAR11, hawa ndio wengi kuliko wote kwenye maji ya juu ya bahari, na jenomu zao (jumla ya DNA yao) ni ndogo mno. Ile ya mmoja wao, Pelagibacter HTCC1062, iliyochapishwa 2005 ina jozi za herufi kama milioni 1.3 tu na jeni 1,354 za protini. Katika kubana matumizi kote huko wamepoteza mpaka jeni za kuishughulikia salfeti, na mwaka 2008 ikaonyeshwa maabara kwamba hawakui mpaka wapate salfa ambayo kiumbe mwingine ameshaiandaa, kama DMSP au methionini. Yaani kiumbe yuko katikati ya salfa usiku na mchana na bado anategemea apewe salfa na jirani. Mi hilo jambo kila nikilifikiria naona kama nalisikia mara ya kwanza.

Hiyo DMSP, kwa kirefu dimethilisulfoniopropionati, inatengenezwa kwa wingi na fitoplanktoni, yaani vijimea vidogo vinavyoelea baharini, makadirio yanayotajwa sana ni kama tani bilioni moja kwa mwaka duniani kote, na matumbawe nayo yanaitengeneza. Fitoplanktoni wakiliwa au wakipasuliwa na virusi inamwagika kwenye maji, na inapofika kwa bakteria imeshazimuliwa mpaka iko kwenye kiwango cha nanomola, yaani kidogo mno kwa kila lita. Ikishaingia ndani ya seli ina njia mbili kubwa, ya kwanza kimeng'enya DmdA, ambacho jeni yake ilitambuliwa 2006, kinaondoa methili moja na salfa inaendelea kubaki ndani kwa matumizi ya seli, ya pili ni vile vimeng'enya vya familia ya Ddd vinaikata na kutoa gesi ya DMS, gesi ambayo ni sehemu kubwa ya ile harufu ya bahari anayoijua kila aliyekulia pwani, na ambayo ikifika angani inabadilika kuwa chembechembe zinazosaidia mawingu kujijenga. Watu wengi wanaandika kuhusu njia hizo mbili. Wachache sana wanauliza imeingiaje, na haiwezi kuingia yenyewe, kwa sababu molekuli ya DMSP ina chaji chanya upande mmoja na hasi upande mwingine, utando wa mafuta hauipitishi. Lazima kuwe na protini ya kuivusha.

Sasa turudi kwenye huduma yenyewe, na hapa nitaenda kwa familia za visafirishi, yaani hizo protini za kuvusha, kwa sababu database haifanyi vizuri sawasawa kwa zote.

Familia ya BCCT ndiyo inayoitendea haki zaidi. Hivi visafirishi ni mnyororo mmoja tu wa protini, umepita kwenye utando mara 12, na unatumia msukumo wa ioni, kwa wengi wao sodiamu, ambayo baharini haina shida ya kupatikana. Kwa kuwa kila kitu kiko kwenye mnyororo mmoja, ukifungua ukurasa wake unakiona kisafirishi karibu chote. Tena kuna umbo halisi la kulinganishia, BetP ya bakteria Corynebacterium glutamicum, ambayo umbo lake lilipimwa kwa njia ya kristali na kuchapishwa 2009 na watafiti wa Frankfurt, kwenye PDB, database ya maumbo yaliyopimwa maabara, namba yake ni 2WIT. BetP inabeba glisini betaini, na DMSP ni kama ndugu yake wa karibu, pale penye nitrojeni yenyewe ina salfa na mkia wake umezidi kaboni moja. Ukichukua BCCT ya bakteria wa baharini ukailaza juu ya BetP unaona kabisa mikunjo inakaa mahali pake, na pale katikati kuna triptofani (aina ya amino asidi) zimejipanga kuzunguka nafasi ambayo ile chaji chanya ya betaini inakaa. Hii kazi zamani ilikuwa ya mtu mwenye mtaalamu wa kumtengenezea modeli, sasa hivi unaifanya mwenyewe mchana mmoja. Kumbuka tu kwamba BetP inafanya kazi zikiwa tatu zimeshikana, na ukurasa wa database wa protini ya namna hii unakuonyesha moja, hivyo usije ukaandika kwamba kisafirishi chako kinafanya kazi peke yake eti kwa sababu ndivyo ulivyokiona.

Familia ya ABC hapo mambo yanachanganyika. Hiki siyo kitu kimoja, ni timu. Kuna protini ya kukamata inayokaa nje ya utando wa ndani, kuna mbili za kwenye utando zinazotengeneza njia, na kuna mbili za ndani zinazochoma ATP, molekuli ya nishati ya seli, kufungua na kufunga. Ile ya kukamata kazi yake ni ya mpiga debe wa stendi, inamdaka abiria kwenye umati na kumsogeza mpaka mlangoni mwa gari, haiingii yenyewe. Kwa sababu kwenye maji yenye nanomola chache hakuna kinachokuja chenyewe, hii protini ndiyo inayoamua nani anakula na nani anakosa. Kwenye database utaikuta protini hii peke yake, imetoka vizuri sana, rangi ya buluu iliyokolea karibu kote, halafu za kwenye utando ziko kurasa nyingine, na za ATP kurasa nyingine tena. Zinakaaje zikiwa pamoja haikuambii. Mtu mgeni anaweza kufungua ukurasa wa protini moja akadhani ameona kisafirishi kumbe ameona kipande.

Familia ya tatu ni TRAP, na kwa mtu wa salfa hii usiiruke kabisa. Ndiyo wanayoitumia bakteria wengi kuvuta sulfonati, yaani molekuli ambazo salfa yake imeshikana moja kwa moja na kaboni na imezungukwa na oksijeni tatu, kama isethionati na DHPS. Hii DHPS ilipata umaarufu 2015 ilipoonyeshwa kwamba diatomu (aina ya fitoplanktoni) Thalassiosira pseudonana inamlisha bakteria Ruegeria pomeroyi, na bakteria naye anampa diatomu vitamini B12 anayoihitaji. TRAP nayo ina protini ya kukamata, ila haichomi ATP, inatumia msukumo wa ioni. Maumbo halisi ya sehemu yake ya kwenye utando yalichelewa mno, la bakteria Haemophilus influenzae lilitoka 2022, na hilo linabeba asidi ya sialiki wala siyo salfa, lakini lilisaidia kuelewa kwamba sehemu moja ya protini inapanda na kushuka kama lifti ikiwa na mzigo. Ukifungua TRAP ya bakteria wa baharini kwenye AlphaFold DB utaona umbo linalofanana na hilo, na ni furaha ya kweli, kwa sababu kabla ya hapo kwa protini hizi tulikuwa na michoro ya mistari tu.

Kuhusu rangi, zijue kabla hujaanza kushangilia. Kila kipande cha protini kimepewa alama ya uhakika kutoka 0 mpaka 100. Zaidi ya 90 ni buluu iliyokolea, 70 mpaka 90 buluu nyepesi, 50 mpaka 70 njano, chini ya 50 rangi ya chungwa na hiyo mara nyingi ni mkia unaoning'inia usio na umbo maalumu. Chini yake kuna mchoro wa mraba wa kijani, watu wanaupita kama hawajauona, na mi nakuomba usiupite, kwa sababu ndio unaokuambia kama mpangilio wa sehemu moja dhidi ya nyingine unaaminika. Protini inaweza kuwa buluu tupu kila mahali na bado nafasi kati ya vipande vyake viwili ikawa ya kubahatisha.

Sasa ile nyota niliyoibakiza.

La kwanza, modeli hizi hazijui kama kuna utando. Programu haikuambiwa kwamba hapa ni mafuta na hapa ni maji, kwa hiyo wakati mwingine kipande kinachotakiwa kuwa nje kinalazwa mahali ambapo kwenye seli halisi pangekuwa na utando. La pili, unapata pozi moja tu. Kisafirishi ni kitu cha kubadilika, kinafunguka nje, kinafunga, kinafunguka ndani, na ndiyo maana yake yote, lakini ukurasa unakupa picha moja na haukuambii ni ya hatua ipi. La tatu, na hili kwetu ndilo zito, umbo liko tupu. Hakuna DMSP ndani, hakuna taurini, hakuna sodiamu. Unaiona nafasi lakini humuoni anayekaa hapo.

Na hapo ndipo watu wanaponaswa na jina lililoandikwa juu ya ukurasa. Jina hilo linatoka UniProt, na kwa bakteria wengi wa baharini limewekwa na kompyuta kwa kufananisha na protini nyingine inayojulikana, pengine ya bakteria wa udongo au wa tumboni. Ukisoma kwamba ni kisafirishi cha glisini betaini maana yake inafanana na kisafirishi cha glisini betaini, basi, inaweza kuwa inabeba DMSP, inaweza kuwa inabeba karnitini, inaweza kuwa inabeba zote. Umbo zuri la buluu juu na jina lenye uhakika pembeni vinakufanya uamini kitu ambacho hakuna mtu amekipima.

Ukubwa wa hilo pengo unaonekana vizuri kwa Ruegeria pomeroyi mwenyewe, bakteria aliyetolewa kwenye maji ya pwani ya Georgia huko Marekani, jenomu yake ilichapishwa 2004, hivyo siyo kiumbe kigeni hata kidogo. Mwaka 2023 ilitoka kazi waliyochukua maktaba ya bakteria walioharibiwa jeni moja moja, wakawalisha molekuli mbalimbali na kuangalia nani anashindwa kukua au kushindwa kuimaliza molekuli kwenye maji. Kwa njia hiyo wakathibitisha visafirishi 13, na ndani yake vimo vya salfa, taurini, isethionati, DMSP na sisteati, na hicho cha sisteati hakikuwa na makisio yoyote kabla. Ukijumlisha na vya zamani vikawa 18 kati ya 126 vya kuingiza molekuli za kaboni. Kumi na nane kati ya mia na ishirini na sita! Na huyu ni mmoja wa bakteria wa baharini waliosomwa kuliko wengine. Vilivyobaki vyote vina ukurasa wake, vina umbo na rangi zake, ila vinabeba nini hakujulikani kwa ushahidi.

Kwa upande wa SAR11 nako, mwaka 2024 watafiti wa taasisi ya OIST kule Okinawa, Japani, walitoa kwenye Nature kazi ya kuzipima kwa mikono protini za kukamata za HTCC1062, wakakuta nguvu ya kushika inayofika kiwango cha pikomola, yaani mara elfu chini ya nanomola, kali mno kuliko ilivyozoeleka. Hiyo namba hakuna umbo kwenye database linaloweza kukupa. Unaweza kuliangalia siku nzima na usijue kama protini inashika kwa nanomola au kwa pikomola, na kwa bakteria anayeishi kwenye maji yasiyo na chakula hiyo tofauti ndiyo maisha yake.

Kwa hiyo mi naitumiaje? Naitumia kuchagua cha kupima na kuelewa kilichopimwa, siitumii kama jibu. Nikiwa na jeni kumi zinazodaiwa kubeba DMSP, naangalia ipi ina zile triptofani mahali pake na ipi haina, naanza na zenye dalili nzuri. Hapo inaokoa hela na muda kweli kweli, hasa kwa mtu ambaye kemikali zake zinaagizwa nje na zinakaa njiani.

Haijitoshelezi peke yake pia. Kando yake fungua TCDB, database ya visafirishi aliyoianzisha Milton Saier wa San Diego, imepanga familia kwa namba, BCCT ni 2.A.15, TRAP ni 2.A.56, ABC ni 3.A.1, ukiwa na hizo namba hupotei kwenye majina. Kuona utando ungepita wapi kuna OPM ya Chuo Kikuu cha Michigan, unapandisha faili lako na inakuchorea. Kutafuta protini zinazofanana kwa umbo hata kama herufi zake (mpangilio wa amino asidi) zimeshatofautiana sana tumia Foldseek, ina kasi ya ajabu. Na kwa zile timu za ABC na TRAP kuna AlphaFold Server iliyofunguliwa Mei 2024, unaiwekea minyororo yote kwa pamoja inakupa zikiwa zimeshikana, ni bure kwa kazi zisizo za biashara ila kazi za kila siku zina kikomo, na orodha ya molekuli ndogo unazoruhusiwa kuweka ni fupi. Anayetaka kuweka DMSP yenyewe atahitaji kuendesha AlphaFold 3 mwenyewe, msimbo wa programu yake (code) ulitolewa Novemba 2024 kwa watafiti, lakini hapo tena unahitaji kompyuta yenye GPU nzuri, siyo laptopu ya kawaida.

Kuhusu bando, faili la protini ya amino asidi kama 500 halifiki hata MB moja, kinachokula ni lile dirisha la 3D, hivyo mwenye intaneti ya kuunga-unga pakua faili mara moja kisha ulifungulie kwenye programu ya kuangalia maumbo kama ChimeraX au PyMOL ukiwa nje ya mtandao. Simu ndogo sikushauri, protini za kwenye utando zina mikunjo mingi na kwenye kioo kidogo zinakuwa rundo tu.

Mwisho, unapomtafuta Ruegeria pomeroyi ujue jeni zake zinaanza na herufi SPO, kwa sababu zilipewa majina akiwa bado anaitwa Silicibacter pomeroyi. Ukiandika SPO1913 utampata DmdA, siyo kisafirishi lakini ni protini nzuri ya kujizoeza kusoma rangi kwa kuwa inajulikana vizuri. Ukishaizoea fungua 2WIT pembeni, umbo halisi likiwa na mzigo wake, ndipo uanze kufungua BCCT za baharini moja baada ya nyingine.